Somo: Kuchagua filta ya kamera ya chini ya maji kwa bahari yetu ya Tanga

Kila kaskazi ikianza naletewa video zilezile. Mtu kakodi mashua, kavuka hadi kisiwa cha Maziwe, kazama mpaka pumzi zikamwishia, na akirudi nyumbani anakuta samaki wa bluu, matumbawe ya bluu, na mwenzake uso wa bluu kama maiti. Anaagiza filta nyekundu mtandaoni. Ikifika anakwenda kuijaribu karibu na nyumbani, ndani ya ghuba upande wa kisiwa cha Toten, na safari hii video inatoka rangi ya tope lililomwagiwa chai. Hapo ndipo ninapopigiwa simu: "Mwalimu, nimeuziwa feki?"

Mara nyingi si feki. Filta huchaguliwa kwa kuangalia maji, na mkoa wetu una maji ya namna mbili. Aliyenunua filta ya Maziwe akaenda nayo Toten ni kama aliyevaa miwani ya jirani. Tuanze.

Hatua ya 1: Jaribio la kisutu

Kabla ya kutoa hela, tafuta kipande cha kanga ya kisutu. Kina nyekundu iliyokolea, kina nyeusi, kina nyeupe, yaani rangi zote unazozihitaji kwa kupimia. (Omba kwanza. Mimi nilikata pindo la kisutu cha mke wangu kimyakimya, na gharama yake ilizidi bei ya filta.) Kifungie jiwe chini na kamba juu, kisha ipige kamba mafundo kila baada ya pima moja, pima ile ya wavuvi, mikono miwili imenyooshwa, kama mita 1.8 hivi. Kiteremshe polepole, nawe ukifuate na kamera isiyo na filta.

Fundo la kwanza nyekundu bado ni nyekundu. La pili imeanza kupoa. La tatu, yaani mita 5 na kidogo, imeshakuwa kahawia. Ukifika la tano au la sita, kama mita 10, sehemu nyekundu na sehemu nyeusi zinaanza kufanana, na mtu asiyekijua kisutu angekuapia kwamba hiyo kanga ina rangi mbili tu.

Maji hunyonya mwanga, ila hayanyonyi rangi zote kwa kasi moja. Nyekundu huondoka kwanza, hufuata ya chungwa, kisha njano. Bluu ndiyo inayokwenda mbali kuliko zote katika maji maangavu, na ndiyo maana kila kitu huko chini kinaonekana kimetumbukizwa kwenye wino.

Kuna hesabu moja ambayo wengi wanaisahau. Mwanga hausafiri kutoka juu hadi kwa samaki tu, unatoka tena kwa samaki hadi kwenye kamera. Ukiwa kina cha mita 3 na pono yuko mita 5 mbele yako, mwanga umepita mita 8 za maji. Basi mtu anasema "mbona nilikuwa juujuu tu na bado picha ni ya bluu?" Ulikuwa juujuu, lakini ulipiga kwa mbali. Kusogea karibu ni filta ya bure.

Hatua ya 2: Elewa kazi ya filta

Filta haiongezi nyekundu. Ni kipande cha kioo au plastiki, itaitoa wapi hiyo nyekundu? Inachofanya ni kuzuia sehemu ya bluu na kijani, ili nyekundu ndogo iliyosalia isimezwe.

Fikiria fundi wa sauti kwenye taarabu. Udi hausikiki, ngoma na kinanda vimeufunika. Badala ya kuupandisha udi, anavishusha vile vingine. Udi ni uleule, ila sasa unasikika, na ukumbi mzima umepungua sauti. Filta nayo hupunguza mwanga wote, kwa kawaida inakula kati ya nusu na robo tatu yake, kwa hiyo siku ya mawingu itakuumiza. Na kama mpiga udi hakuja kabisa, hata ushushe ngoma vipi, utapata ukimya tu. Ndiyo hali ukishapita kina cha mita 20 na kitu: nyekundu imekwisha, hakuna cha kusawazisha. Huko ni taa.

Juu nako kuna mpaka. Kwenye mita 2 au 3 za mwanzo nyekundu ingalipo, na ukivaa filta kila kitu kinakuwa kama kimepakwa hina. Kwa anayeelea juu na mrija wake akitazama samaki, ushauri wangu ni asinunue filta nzito kabisa.

Hatua ya 3: Yasome maji

Hapa ndipo pesa zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji ya bluu ni yale ya nje, mbali na midomo ya mito: Maziwe na miamba ya nje, hasa kaskazi ikiwa imetulia na mvua hazijaanza. Hayo yanataka filta nyekundu, na ile nzuri ukiitazama haijakolea sana, inaelekea rangi ya chungwa.

Maji ya kijani ni ya ndani ya ghuba, mbele ya mikoko, na kote ambako mto unaingia. Ghuba ya Tanga inapokea Zigi na Mkulumuzi, na Pangani ina mto wake wenyewe. Mito huleta udongo na rutuba, rutuba hulisha vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, na vijimea hivyo huyapa maji ukijani. Hapa rangi inayofunika nyingine ni kijani, kwa hiyo unahitaji filta inayokata kijani: ya majenta, ile inayokaribia zambarau. Filta nyekundu ya kawaida ikiingia kwenye maji haya unabaki na ukijani uliochanganyika na uwekundu, na jibu lake ni lile tope la chai.

Njia yangu ya kuamua ni rahisi. Zamisha kisutu pima mbili ukitazame kwa mlalo. Sehemu nyeupe imegeuka rangi gani? Ikielekea bluu, nyekundu. Ikielekea kijani, majenta. Ikiwa huioni kabisa, rudi nyumbani.

Na siku uichague. Bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa sana, maji yanakimbia na kuchafua; maji mafu, siku za kujaa na kupwa kidogo, yanatulia. Saa ya siku yenyewe, mimi huingia maji yakiwa yanaishia kujaa, kwa sababu yanayojaa yanaleta maji ya nje na yanayokupwa yanavuta tope la mikoko. Ukipata mjao unaoangukia kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa juu, usilale. Masika acha, fanya mambo mengine.

Hatua ya 4: Kununua

Hakikisha inaingia kwenye kamera yako au kasha lako. GoPro nyingi kuanzia Hero5 Black huvumilia mita 10 bila kasha, zaidi ya hapo lazima kasha la kuzamia, na filta ya kamera tupu haikai juu ya kasha. Mtu ananunua zote mbili halafu anazifunga kwa selotepu. Usifanye hivyo.

Chagua ya kubandika na kubandua kwa nje, siyo ya kufungia ndani ya kasha, kwa sababu utahitaji kuivua ukiwa majini. Iwe na tundu la uzi. Yangu ya kwanza haikuwa na uzi, sasa ni mali ya pweza fulani.

Ukiwa dukani, ishike mbele ya jicho utazame ndoo ya bluu na jani bichi. Lazima bado uzitofautishe. Kama vyote vimekuwa vyekundu-vyeusi, hiyo ni pambo.

Hatua ya 5: Kamera

Modi ya rangi zilizokolea iondoe, weka ile ya kawaida au iliyopauka. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, usiiache ipande itakavyo, mimi huikomesha 400 na mawingu yakija 800, la sivyo picha inajaa chenga. Waiti balansi, yaani kule unakoiambia kamera nyeupe ni ipi, anza na ya kujipanga yenyewe. Kama kamera yako inakuruhusu kupima mwenyewe, pima kwenye sehemu nyeupe ya kisutu, na urudie kila unaposhuka au kupanda mita 3 hadi 5. Kamera yenye modi maalumu ya chini ya maji isivalishwe filta juu yake. Chagua mojawapo.

Hatua ya 6: Majini

Filta ikishaingia, mapovu hujificha kati yake na kioo cha kasha. Itikise, au ibandue na kuibandika ukiwa ndani ya maji. Nimewahi kurudi na saa nzima ya video yenye povu moja katikati kama jicho la chewa.

Jua liwe mgongoni kwako, na piga kwa mlalo au kwa kuinamisha kidogo. Ukiielekeza kamera juu, uso wa bahari utakuwa wa waridi. Ukipanda hadi kina kisichofika mita 3, ivue filta.

Ukitoka, loweka vyote kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi ikikauka inakwangua.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Pangani: Mwalimu, nimeona mtu kabandika nailoni nyekundu ya pipi kwenye kasha. Inafaa?*

Ijaribu kwa ndoo na jani. Nailoni ya pipi hupitisha nyekundu na kuzuia karibu kila kitu kingine, halafu ina mikunjo, kwa hiyo unapata picha nyekundu iliyofifia. Filta ya kweli huacha bluu na kijani zipite kwa kiasi, ndiyo maana bahari inabaki bahari.

*Mwanachama wa Chumbageni: Nina taa mbili nzuri. Nikitumia taa pamoja na filta si nitapata mara mbili?*

Utapata nyekundu mara mbili, kaka. Taa inatoka na nyekundu yake kamili, na kwa kitu kilicho ndani ya mita 1 haijapotea. Ukivaa filta, kila kinachomulikwa kinakuwa chekundu na mandhari ya nyuma inabaki kiza. Taa kwa konokono na vidogo vya karibu, filta kwa mwamba mzima. Usizioanishe.

*Mwanachama wa Tongoni: Nilivaa majenta kama ulivyosema, maji safi, jua kali, na bado matumbawe ni ya kijivu. Nirudishe filta?*

Usirudishe. Tuma video niitazame, lakini nina wasiwasi ulipiga kokoto. Miamba mingi ya pwani yetu ilipigwa baruti miaka nenda miaka rudi, na tumbawe lililovunjika likafa halina rangi ya kurejeshwa. Tazama kama samaki waliopita hapo wana rangi zao. Kama wanazo, filta ni nzima na mwamba ndio mgonjwa.

*Kijana wa Mkwakwani: Shikamoo mwalimu. Mimi sina hela ya filta, natengenezea kwenye simu. Naongeza nyekundu na picha inakuwa na chenga nyingi. Tatizo simu?*

Marahaba. Simu haina kosa. Programu inaweza kuikuza nyekundu iliyorekodiwa. Kama kamera ilipata chembe tu, unakuza chembe pamoja na uchafu wake. Hadi mita 4 au 5 unaweza kuishi bila filta: piga kwa karibu, jua mgongoni, shusha bluu kwanza ndipo upandishe nyekundu kidogo. Kama kamera yako inapiga picha za RAW, yaani picha mbichi ambazo kamera haijazibana, tumia hizo kwa picha za mnato, zinavumilia marekebisho kuliko JPEG.

*Mwanachama asiyetaja mtaa: Filta gani kwa silikanti?*

Nilikuwa nakusubiri. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa hapa Tanga mwaka 2009 kwa ajili yake, na ni samaki ambaye hadi mwaka 1938 wataalamu waliamini ametoweka zamani mno. Anakaa kwenye kina cha giza, na mara nyingi ni zaidi ya mita 100. Mzamiaji wa starehe, hata mwenye mtungi, mpaka wake ni mita 40. Hakuna filta ya huko, bwana wee, na pumzi zako usizipeleke. Hata kwa mita 5 usizame peke yako. Mwenzako akae juu akuangalie, wala asiwe naye anapiga video.

*Dada wa Raskazone: Samahani, mimi swali langu si la kamera. Hicho kisutu kikishaingia chumvini hakichujuki?*

Kikilowekwa maji baridi mara ukitoka, kikafuliwa peke yake na kuanikwa kivulini, kinadumu. Changu kina misimu minne. Shida ni kukirudisha kabatini kikiwa hakijakauka vizuri, juu ya nguo za watu. Hilo nalo nililifanya, na tangu siku hiyo nina kisutu changu mwenyewe, nimenunuliwa.