Maandishi yamekuwa na ukungu au makubwa kupita kiasi baada ya kubadili rezolusheni? Yarudishe hivi

Wakuu, hili tatizo liko sana kwa watu wa stationari na maofisi madogo. Mtu anaona maandishi kwenye kompyuta ni madogo, macho yanamuuma, anaingia kwenye setingi anashusha rezolusheni, maandishi yanakua kweli lakini sasa yana ukungu, aikoni zimenenepa, nusu ya programu imepotelea chini ya kioo, alafu akijaribu kurudisha anagusa na vitu vingine ambavyo hakukusudia na mambo yanazidi kuharibika. Karibu yote haya yanatengenezeka kwenye setingi, bila kupiga Windows upya, na ukiacha ile sehemu ya draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) hata bando halihitajiki.

Tuelewane kwanza kwenye kitu kimoja maana ndo mzizi wa yote. Rezolusheni na skeli ni vitu viwili tofauti. Rezolusheni ni idadi ya pikseli, yani vile vidoti vidogo vinavyotengeneza picha, ambazo kompyuta inatuma kwenye kioo, skeli ni ukubwa ambao Windows inachorea maandishi na vitufe. Kioo chako kimetoka kiwandani na idadi yake ya pikseli na haibadiliki, ni kama vigae vilivyoshabandikwa sakafuni, huwezi kuamka leo ukasema viwe vichache. Sasa chukua kioo cha 1920 kwa 1080 alafu iambie kompyuta itume 1280 kwa 720. Gawanya 1920 kwa 1280 unapata moja na nusu, yani kila pikseli inayotumwa inatakiwa ikae kwenye pikseli moja na nusu ya kioo, na nusu pikseli haipo duniani, kwaiyo kioo kinachanganya rangi na jirani yake ili kujaza pengo. Ule mchanganyiko ndo ukungu unaouona pembeni ya herufi. Hata ukiweka draiva mpya ya leo asubuhi hautoki.

Kwaiyo rezolusheni iache ile ya kioo chenyewe, ukitaka vitu vikubwa cheza na skeli.

Raiti kliki sehemu tupu ya deskitopu, bonyeza Display settings, shuka mpaka kwenye Display resolution, chagua ile iliyoandikwa Recommended pembeni yake. Itatokea meseji inakuuliza kama ubakishe mabadiliko, unapewa sekunde 15. Kioo kikiwa cheusi au kikaandika Out of range usipaniki na usibonyeze kitu, zile sekunde zikiisha inarudi yenyewe kama zamani. Ikishakaa sawa nenda kwenye Scale, hapo hapo juu yake. Laptopu ya inchi 14 au 15.6 yenye 1920 kwa 1080 kwa watu wengi inakaa vizuri kwenye 125 au 150, monita ya mezani ya inchi 22 mpaka 24 yenye rezolusheni hiyo hiyo weka 100 tu, labda kama mtumiaji ni mzee wetu ambaye miwani anaiacha nyumbani kila siku.

Alafu sevu kazi zako na ufanye Sign out, ingia tena. Hii hatua watu wanairuka kisha wanalalamika kwamba skeli haifanyi kazi. Programu nyingi za zamani zinasoma skeli mara moja tu, pale unapoingia kwenye akaunti yako, baada ya hapo ukibadilisha zenyewe hazina habari, Windows inachukua picha yao na kuivuta iwe kubwa, na picha ikivutwa lazima iwe na ukungu. Ukitoka na kuingia zinasoma upya na mara nyingi zinanyooka.

Sasa kuna wenye laptopu za 1366 kwa 768, na mjini hapa ziko nyingi sana hasa zile used. Hizi zinahitaji uangalifu wake. Ukipanda skeli mpaka 125 kwenye kioo cha namna hiyo, ule urefu wa kwenda chini unagawanywa kwa 1.25 kwaiyo unabaki na nafasi kama ya pikseli 614 tu, na kuna programu kibao ambazo vidirisha vyake ni virefu kuliko hapo. Matokeo yake kitufe cha OK au Save kinakuwa chini ya kioo na huwezi kukifikia na mausi. Mhasibu anaingiza hesabu za mwezi mzima, kitufe cha kuhifadhi hakionekani, jasho linamtoka. Ukikwama hapo bonyeza Tab mara kadhaa mpaka alama ifike kwenye kitufe usichokiona kisha Enter, au shika Alt na Space, achia, bonyeza M, alafu tumia mishale ya kibodi kusogeza kidirisha. Hiyo ni ya kujiokoa tu kwa muda huo. Dawa yenyewe kwenye kioo hiki ni kuacha skeli 100 na kukuza maandishi peke yake: Windows 11 ingia Settings, Accessibility, Text size, Windows 10 ni Ease of Access, Display, kuna kitelezi kinaanzia 100 mpaka 225. Peleka 115 au 120, bonyeza Apply, maandishi ya menyu yanakua bila kila kitu kingine kuvimba. Mi naona hii ndo setingi inayosahaulika kuliko zote na ingewasaidia wengi waliokimbilia kushusha rezolusheni.

Na kama shida yako ni kurasa za intaneti tu, mfano unamjazia mteja fomu ya maombi ya mkopo wa chuo na ukurasa umejaa kupita kiasi, hiyo wala sio skeli ya Windows. Shika Ctrl na bonyeza 0, zumu ya brauza inarudi asilimia 100. Ctrl na kujumlisha inakuza, Ctrl na kutoa inapunguza. Vile vile aikoni za deskitopu zikiwa kubwa kama sahani, shika Ctrl alafu zungusha gurudumu la mausi, mara nyingi kuna mtoto aliligusa bila kujua.

Kuna kitu kinaitwa Custom scaling, unaandika namba yako mwenyewe kati ya 100 na 500. Ushauri wangu kiache. Ukishaiweka inashika monita zote kwa pamoja, na ile menyu ya kawaida ya skeli inafungwa mpaka uizime. Kama umeikuta kwenye kompyuta yako na hujui nani aliiweka, kwenye ukurasa ule ule wa Display kuna maandishi Turn off custom scaling and sign out, bonyeza hayo, kazi imeisha.

Umefanya yote, kila kitu kiko sawa isipokuwa programu moja tu bado ina ukungu au vitufe vimekatika? Usiharibu setingi za kompyuta nzima kwa ajili ya programu moja. Ifunge, nenda kwenye aikoni yake, raiti kliki, Properties, Compatibility, kisha Change high DPI settings. Chini kabisa weka tiki kwenye Override high DPI scaling behavior na hapo kuna machaguo matatu. Application maana yake Windows isiiguse, programu ijichore yenyewe, itakuwa kali lakini inaweza kuwa ndogo sana. System inaikuza kwa kuivuta, kubwa lakini na ukungu kidogo. System Enhanced ilikuja na Windows 10 mwaka 2017, hii inajaribu kukuza huku maandishi yakibaki makali, kwa programu za mahesabu za zamani anza na hiyo, ikigoma rudi kwenye System. Kila ukibadilisha funga programu na uifungue upya, vinginevyo utadhani hakuna kilichotokea.

Monita za used za Kariakoo zina mambo yake. Zile za mraba za inchi 17 na 19 nyingi ni 1280 kwa 1024, za inchi 19 pana nyingi ni 1440 kwa 900, za inchi 22 za zamani unakuta 1680 kwa 1050. Ukichomeka ukaona duara limekuwa yai, au sura za watu zimenenepa, ujue umbo la rezolusheni uliyochagua haliendani na umbo la kioo. Chagua yake. Kama yake haipo kabisa kwenye orodha, fungua Device Manager kwa kushika kitufe cha Windows na X kisha M, angalia kwenye Monitors, ukiona imeandikwa Generic Non-PnP Monitor maana yake kompyuta haijaweza kusoma taarifa za monita. Mara nyingi ni waya wa VGA (ule wa zamani wenye pini nyingi), pini imepinda au waya wenyewe ni wa hali ya chini. Badilisha waya kabla hujamrudia aliyekuuzia kwa hasira. Na kama unatumia VGA, rezolusheni ni sahihi lakini picha imehama pembeni au inatetemeka kidogo, bonyeza kitufe cha Auto kwenye monita yenyewe, isubiri sekunde chache ijipange.

Ukiwa na laptopu na monita kwa pamoja, kila moja ina skeli yake. Kwenye Display settings juu kuna maboksi namba 1 na 2, bonyeza boksi kwanza ndo ubadilishe skeli, watu wanabadilisha ya laptopu wakidhani ni ya monita. Kile kioo unachofanyia kazi muda mwingi kiwekee tiki ya Make this my main display kisha sign out uingie tena, programu za zamani zinafuata skeli ya kioo kikuu.

Tivii sasa. Umechomeka HDMI kwenye tivii ya sebuleni, kingo zimekatwa, ule mstari wa chini wenye kitufe cha Start hauonekani wote. Watu wanashusha rezolusheni hapo, wanakosea mlango. Tivii ndo inakuza picha yenyewe na kukata pembeni, tabia ya kurithi toka enzi za tivii za mgongo. Chukua rimoti, tafuta Picture size au Aspect ratio, LG inaitwa Just Scan, Samsung ni Screen Fit, kwingine utakuta Dot by dot au 1:1. Kinyume chake, ukiona fremu nyeusi pande zote nne na kadi yako ya grafiki ni ya AMD, fungua programu yake utafute HDMI Scaling, peleka kitelezi mpaka sifuri.

Kwenye projekta za ukumbini, zile za send-off na kitchen party, nyingi ni 1024 kwa 768 au 1280 kwa 800, na ukichagua Duplicate laptopu nayo inashushwa ifanane nayo. Ukimaliza shughuli shika Windows na P, chagua PC screen only. Isiporudi, rudia ile hatua ya Recommended ya juu.

Kama orodha ya rezolusheni ina kitu kimoja au viwili tu, au haibonyezeki kabisa, hasa baada ya kupigiwa Windows mpya, angalia Display adapters kwenye Device Manager. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, draiva ya grafiki haijawekwa. Dalili nyingine ni mwanga wa kioo haupandi wala haushuki. Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia, soma System Model, kisha pakua draiva ya modeli hiyo kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta, au ingia Windows Update utazame kwenye Optional updates. Usipakue zile programu za kujidai zinatafuta draiva zote kwa mpigo, zinaleta na uchafu. Anayekwambia dawa ni kupiga Windows tena muulize kwanza kama draiva aliweka.

Draiva ipo lakini kioo kimeganda au rangi zimevurugika ghafla? Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, kioo kitapepesa mara moja na grafiki itajiwasha upya, kazi zako hazifungwi.

Na ikiwa kioo ni cheusi hata baada ya kuwasha upya, chomeka monita nyingine au tivii urekebishie huko. Huna? Kama ukurasa wa kuandika nywila bado unaonekana, hapo bonyeza alama ya kuzimia, shika Shift huku unabonyeza Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha namba 3, itawaka kwa rezolusheni ya chini ambayo kioo chochote kinaiweza. Hapo utachagua sahihi na kuwasha kawaida. Ila kama kuna mistari au doa ambalo linaonekana hata kwenye ile nembo ya kampuni kabla Windows haijaanza, achana na setingi zote hizi, hicho ni kioo chenyewe au waya wake wa ndani na ni kazi ya bisibisi.