RAM ya laptopu ya zamani: soma lebo kabla hujatoa pesa

Laptopu ya mtumba yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ya GB 4 ikiwekewa Windows 10 na kufunguliwa tabo kumi za kivinjari, lazima ikokote. Kuongeza RAM ni dawa nzuri, lakini pesa nyingi hupotea kwa kununua RAM inayoingia kwenye sloti bila taabu kisha mashine ikaikataa. Maelezo haya yanahusu hasa ThinkPad za Lenovo na EliteBook za HP zenye prosesa za Intel Core kizazi cha 2 hadi cha 7, ambazo zimejaa kwenye maduka ya mitumba.

Kwanza hakikisha tatizo ni RAM kweli. Fungua programu zote unazotumia kwa siku, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha nenda Performance na uchague Memory. Ikiwa imefika asilimia 85 na kuendelea wakati mashine inakokota, RAM haitoshi. Ikiwa iko kwenye asilimia 50 lakini Disk imeganda kwenye 100, weka RAM kando na ununue SSD, diski ya kisasa yenye kasi. Angalia pia kama Windows ni ya biti 64. Ile ya kawaida ya biti 32 haivuki GB 4 hata ukiweka 16.

Kisha fungua mfuniko wa chini, uone kwa macho yako. Usitegemee idadi ya sloti inayoonyeshwa kwenye skrini, kwa sababu RAM iliyochomelewa kwenye bodi inaweza kuhesabiwa humo. ThinkPad X240 ina sloti moja tu. T440s ina GB 4 zilizochomelewa na sloti moja. MacBook Air haina sloti kabisa, hivyo usipoteze muda.

Aina ya RAM haibadilishiki. DDR3 ya laptopu ina pini 204, DDR4 ina pini 260, na pengo la katikati liko mahali tofauti, kwa hiyo moja haiwezi kukaa kwenye sloti ya nyingine. Usikisie kwa umri wa mashine: kizazi cha 6 kilitoka na DDR4, lakini zipo laptopu za kizazi hicho zenye DDR3L, yaani DDR3 ya volti ndogo.

Volteji ndiyo inayowaumiza wengi. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR3L volti 1.35, na kwa umbo zinafanana kabisa. Laptopu za kizazi cha 4, kama EliteBook 840 G1, zinataka DDR3L. Ukiweka ya 1.5, skrini inabaki nyeusi. Kinyume chake hakina shida: DDR3L hufanya kazi kwenye mashine ya volti 1.5. Ukiwa na shaka kati ya hizo mbili, chukua DDR3L.

Sasa chukua RAM mkononi. Lebo itasomeka kama 4GB 1Rx8 PC3L-12800S. PC3 ni DDR3, na L ni volti 1.35. 12800 ni kasi ya 1600, wakati 10600 ni 1333. Kasi isikusumbue sana, kwa sababu RAM ya 1600 kwenye mashine ya 1333 hushuka yenyewe.

Kinachostahili macho ni ile 1Rx8 au 2Rx8. Ya kwanza kwa kawaida ina chipu nyeusi 8, ya pili 16. Prosesa za kizazi cha 2 hadi cha 4 zinaweza kusoma chipu za hadi gigabiti 4 kila moja (gigabiti 8 ni GB 1). Chipu 16 za namna hiyo hufanya GB 8, na mashine inaikubali. GB 8 iliyojengwa kwa chipu 8 tu ina chipu za gigabiti 8, ambazo prosesa hizo haziwezi kuzisoma, hata kama RAM yenyewe ni mpya na nzima. Kwa sababu hiyohiyo, GB 16 ya DDR3L katika kipande kimoja inahitaji kizazi cha 5 au zaidi. Kizazi cha 1 ni kigumu zaidi: hata RAM ya GB 4 itafute yenye chipu 16.

Kama bajeti ni ndogo, usitupe iliyomo. GB 4 iliyomo pamoja na 4 nyingine zinatosha kazi za ofisi na masomo, na mbili zenye ukubwa sawa huipa nguvu grafiki ya Intel. Ukiweza, chukua ya 8 uiache ya 4 ndani. Mchanganyiko huo unafanya kazi, ila zote mbili zitafuata kasi ya ile ya polepole zaidi. RAM iliyotumika si mbaya. Nenda dukani na laptopu yako, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, ujaribu hapohapo kabla ya kulipa.

Kufunga: zima mashine kabisa, chomoa chaja, toa betri. Kwenye ThinkPad yenye betri ya ndani, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows), Config, Power, ukazime betri ya ndani. Shika kitufe cha kuwasha sekunde 15. Gusa chuma ili umeme tuli uondoke mwilini. Tanua vishikizo viwili vya pembeni, RAM itainuka. Ingiza mpya kwa mlalo mpaka pini za dhahabu zikaribie kupotea zote, kisha bonyeza chini ilie tik. Ukibonyeza kabla haijazama, itakaa nusu na mashine haitawaka.

Skrini ikiwa nyeusi, au taa ya Caps Lock ikipepesa kwenye HP, toa RAM, futa dhahabu kwa ufutio laini wa penseli, pangusa vumbi, urudishe. Bado? Jaribu mpya peke yake, kisha kwenye sloti ya pili. Ikiwaka, iache MemTest86, programu ya kupima RAM, imalize angalau mzunguko mmoja mzima, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa. Ikitoa kosa hata moja, zima, toa RAM ya zamani, upime mpya peke yake. Kosa likirudi, irudishe dukani.