Kung'oa gugu karoti kwenye bustani ya mtaa

Arusha iliripoti gugu karoti mwaka 2010, na leo liko kando ya barabara, viwanjani na malishoni. Kikundi cha mtaa kinaweza kuliondoa kwenye bustani yake, ila kazi ifanyike kabla ya maua. Tangu kuota hadi kuchanua huchukua kama wiki 4 hadi 6 tu, na mmea mmoja uliokomaa unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 15,000. Kwa hiyo pangeni siku ya kwanza wiki ya tatu baada ya mvua kuanza, udongo ukiwa laini.

Likiwa changa, majani yake yamechanika kama ya karoti na yametandaa chini. Likikua, hutoa shina lenye mifereji na matawi mengi juu, na vichwa vidogo vyeupe vya maua vyenye pembe tano. Wengi hulichanganya na artemisia, mmea wa dawa, lakini artemisia ina harufu kali ukisugua jani, na maua yake ni ya manjano.

Hapa pasiwe na mzaha: utomvu na chavua vya gugu hili huchubua ngozi na kuamsha pumu. Mzio hujengeka polepole, hivyo aliyeling'oa mikono mitupu msimu uliopita bila kudhurika anaweza kuvimba msimu huu. Kila mtu avae glavu ndefu za mpira, barakoa, shati la mikono mirefu na buti. Mwenye pumu asiingie kwenye magugu kabisa. Kazi ya kuandikisha watu na kugawa maji pia ni kazi.

Anzeni na vichaka vidogo vya pembeni, na upande wa juu ambako maji ya mvua hutokea, kisha sogeeni kwenye pori lenyewe. Mkianzia katikati, buti zitabeba mbegu hadi sehemu safi. Legeza udongo kwa jembe dogo, shika shina chini kabisa, vuta wima mpaka mzizi mkuu utoke mzima. Fyekeo liacheni nyumbani. Likikatwa, gugu huchipua upya kutoka shinani na kuchanua likiwa fupi, chini ya nyasi, ambako hamlioni.

Yasiyo na maua yakung'uteni udongo na kuyaanika juani. Yakikauka yanafaa mboji. Lenye maua livisheni mfuko kichwani kwanza, ndipo mling'oe. Mifuko hiyo ifungwe, ikauke ikiwa imefungwa, kisha ichomwe shimoni huku watu wamekaa upande upepo unakotoka. Msiwape ng'ombe wala mbuzi gugu hili: maziwa huwa machungu.

Udongo mtupu ndio kitanda cha gugu karoti, kwa hiyo siku hiyo hiyo pandikizeni ukoka, kipande kila sentimita 20. Rudini kila baada ya wiki 3 mpaka mvua ziishe, na msimu ujao vilevile, maana mbegu zilizofukiwa hukaa hai miaka kadhaa. Mchanga, kifusi na samadi kagueni zilikotoka kabla ya kuvipokea; bustani iliyosafishwa vizuri huambukizwa tena na lori moja tu. Na kabla ya kuondoka, piga buti na majembe brashi papo hapo, nguo zifuliwe peke yake.