Mambo ya kuzingatia kabla hujakanyaga barafu ya mwanzo wa msimu

Baridi ikianza kuuma, sisi wavuvi wa barafuni, tunaovua kupitia matundu kwenye ziwa lililoganda, huwa tunakosa subira. Ndoano zimeshanolewa, keekee ya kutobolea barafu imeshatiwa makali, na habari zimeshazagaa kwamba fulani alionekana ziwani tangu Jumamosi. Huyo fulani mwache na ziwa lake. Kabla hujatia mguu wako, yapo mambo ya kukagua, na nakusihi uyakague yote hata kama wenzako wanakuita huko mbele.

Nianze na unene, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu. Idara ya maliasili ya Minnesota, Marekani, ambako uvuvi huu umeshamiri, inataka angalau inchi 4 za barafu mpya iliyo angavu kwa mtu anayetembea kwa miguu. Hizo ni sentimita 10. Chini ya hapo baki nchi kavu. Pikipiki ya theluji inahitaji zaidi, na gari zaidi mno, kwa hiyo mwanzo wa msimu gari liache hukohuko ulikoliegesha. Idara hiyohiyo inakumbusha pia kwamba hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia 100, na hilo lisome mara mbili.

Rangi nayo ni sehemu ya kipimo. Barafu angavu, ile unayoona weusi wa maji chini yake, ndiyo yenye nguvu. Ile nyeupe kama maziwa imetokana na theluji iliyolowa ikaganda, imejaa viputo vya hewa, na nguvu yake ni kama nusu ya ile angavu. Basi ihesabu nusu. Ukitoboa ukapata sentimita 12, na kati ya hizo 5 za juu ni nyeupe na 7 za chini ni angavu, usijisifu kwamba una 12. Una 7 jumlisha nusu ya 5, yaani 9.5. Geuka urudi. Ya kijivu ina maji ndani yake; hiyo usiipime kabisa, iache.

Kupima kwenyewe, usikisie kwa macho. Maji hupanda ndani ya tundu mpaka karibu na usawa wa juu, na ukitazama kutoka juu yanakudanganya. Chukua rula yenye kulabu mwishoni, iteremshe hadi kulabu ishike chini ya barafu, kisha soma. Kazi ya nusu dakika.

Sehemu za kuogopa zinajulikana: mdomo wa mto unapoingia na unapotoka, chini ya madaraja, kwenye chemchemi, mahali ziwa linapobanana kati ya rasi mbili. Maji yanayotembea hayagandi sawa na yaliyotulia. Kwenye matete, kuzunguka mawe yaliyochomoza na kandokando ya magati pia kuwa mwangalifu, kwa sababu kitu cheusi hunywa joto la jua na kuilegeza barafu inayokizunguka. Ukiona bata wamekusanyika sehemu moja, ujue huenda walikuwa na tundu la maji hapo hadi juzi.

Theluji watu wanaipenda kwa kuwa inawapa mahali pa kukanyaga pasipo utelezi. Mimi siipendi. Theluji ni blanketi: inazuia baridi isiifikie barafu, kwa hiyo barafu chini yake haikui. Tena ina uzito, inaikandamiza barafu changa mpaka maji yanachuruzika juu kupitia nyufa. Baya kuliko yote, inaficha. Na hapo ndipo nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Ilikuwa Desemba, mimi na shemeji yangu, mume wa dada. Tulifika ziwani jua ndio kwanza linachomoza. Tulifanya tulivyofundishwa. Hatua chache kutoka ukingoni nikatoboa, nikapima: sentimita 12, angavu mpaka chini. Hatua thelathini mbele nikatoboa tena: 12. Shemeji akasema, "Hapa hata ng'ombe anapita." Nikakubaliana naye. Nikairudisha keekee kwenye sledi, kile kigari kisicho na magurudumu cha kuburutia mizigo juu ya theluji, mtaimbo nikaupandisha begani, tukashika njia kuelekea kwenye kina. Usiku ilikuwa imeanguka theluji nyepesi, haizidi upana wa kidole, na ziwa zima lilikuwa jeupe sawasawa kama shuka lililotandikwa.

Shemeji alitangulia, anaburuta sledi kwa kamba aliyojifunga kiunoni. Mimi nilikuwa nyuma yake kama hatua kumi na tano, tunazungumza. Watu hudhani barafu itakuonya kwa mlio mkubwa. Ile milio mikubwa ya kunguruma unayoisikia ziwani usiku ni barafu inayotanuka na kusinyaa kwa mabadiliko ya joto, na mara nyingi haina neno. Nilichosikia siku ile ni mkwaruzo mdogo, kama mtu anayekalia kiti cha zamani. Nikainua macho nikamwona kichwa na mabega tu.

Alivuta pumzi kwa kishindo, tena na tena, neno halitoki. Mikono ilikuwa inapapasa ukingo wa mbele yake, na kila aliposhika, kipande kikakatika kikabaki mkononi. Alikuwa anajaribu kutoka kwa kusonga mbele, kule kwenye barafu asiyoijua, kwa sababu ndiko alikokuwa anatazama.

Kamba ya kurusha ilikuwa ndani ya sledi. Misumari ya kujiokolea, ile ya vipini viwili inayovaliwa shingoni, ilikuwa kwenye begi lake la mgongoni, zipu imefungwa. Vifaa vyote tulikuwa navyo na hakuna hata kimoja kilichokuwa mahali pa kutumika.

Nikapaza sauti, "Shem, geuka! Geuka huku ulikotoka!" Nikalala kifudifudi nikatambaa mpaka kwenye sledi, ambayo ilikuwa bado imekaa kwenye barafu nzuri, kama mita 3 nyuma yake. Nikashika kamba ile ile aliyokuwa anaburutia. "Lala juu ya maji, piga miguu kama unaogelea!" Akapiga, nami nikavuta. Mara ya kwanza ukingo ukakatika. Mara ya pili kifua kikapanda juu. Akaniambia, "Shem, vidole havishiki," nikamwambia asishike kitu, apige miguu tu. Akapanda, akabiringika hadi nilipo, na tukatambaa sote wawili mpaka kwenye tundu langu la pili. Suruali yake ilikuwa imekakamaa kama bati kabla hatujafika ukingoni. Alilazwa hospitali usiku mmoja, akatoka mzima, Mungu ashukuriwe.

Kesho yake nilirudi pale na mzee mmoja aliyevua ziwa lile tangu ujana wake, safari hii tukiwa tumefungana kamba. Upepo ulikuwa umeipeperusha theluji. Pale nilipoona shuka moja jeupe, sasa palikuwa na mstari, kama mshono wa vitambaa viwili. Upande wetu barafu ilikuwa angavu lakini imezeeka, ina nyufa nyeupe za zamani zilizojiziba na chembe za theluji zilizogandia mgongoni mwake. Upande wa pili ilikuwa nyeusi tii, laini, haina hata mkwaruzo. Mzee akapiga mtaimbo upande wetu. Pigo la nne ndilo lililopenya. Kisha bila kusogeza mguu akaunyoosha ng'ambo ya mshono, akapiga pigo moja. Maji. "Hii ya kwetu ni ya wiki mbili, mwanangu," akasema. "Ile ni ya juzi."

Hilo ndilo nililokuwa silijui, na sitaki ulijue kwa njia niliyoijulia mimi. Ziwa haligandi siku moja. Maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4 za Selsiasi, hivyo yale ya juu yakipoa huzama na kuyapisha yenye joto, na mzunguko huo huendelea mpaka ziwa lote, juu hadi chini, lifikie hizo nyuzi 4. Baada ya hapo ndipo maji ya juu yanapoweza kukaa juu, yapoe zaidi, yagande. Kwenye ghuba ndogo yenye kina kifupi kazi hiyo huisha mapema. Katikati, penye kina kirefu, huchukua siku nyingi zaidi, na upepo ukivuma unavunja utando mwembamba kila unapojaribu kushika. Kisha unakuja usiku mmoja wa baridi kali usio na upepo, na asubuhi ziwa lote limefungwa. Ukilitazama kutoka ufukweni unaona barafu moja. Kumbe ni mbili, au tatu, kila moja na umri wake.

Sasa piga hesabu. Siku nzima yenye wastani wa nyuzi 8 chini ya sifuri huongeza takriban sentimita 2.5 kwenye barafu changa isiyo na theluji, na kasi hupungua kadiri inavyonenepa. Mahali palipofunga siku mbili zilizopita huenda pana sentimita 5, hata kama ukingoni umepima 12. Kipimo cha ukingoni ni cha ukingoni. Hakikuambii lolote kuhusu hatua ya mia mbili.

Kwa hiyo fanya hivi. Tangu baridi inapoanza, pita ziwani kila jioni ukiweza, simama mahali palepale, piga picha, andika wapi pameganda na wapi maji bado yanacheza. Kama unaishi mbali, picha za setilaiti za Sentinel-2 zinapatikana bure kwenye intaneti, na siku isiyo na mawingu unaona wazi mpaka wa maji na barafu. Siku ya kwenda uwe unajua mshono uko wapi. Ukienda baada ya theluji kuanguka bila kujua hilo, unatembea gizani mchana kweupe.

Na mtaimbo ukae mkononi, mbele yako, si begani. Kila baada ya hatua moja au mbili piga kwa nguvu. Ukipenya kwa pigo moja, simama hapohapo, usigeuke kwa pupa. Rudi kinyumenyume ukiburuta nyayo kwenye alama zako mwenyewe. Toboa tena kila baada ya hatua thelathini au arobaini, mwendo mzima. Kipimo kikishuka, hata kwa sentimita 2, kuna sababu, na sababu hiyo iko mbele yako. Nyayo za mtu aliyetangulia zinaonyesha tu kwamba alipita. Hazisemi alikuwa na uzito gani wala kama alirudi.

Vifaa ni vichache na vyote vivaliwe, visifungashwe. Jaketi la kuokoa maisha juu ya nguo. Misumari ya kujiokolea shingoni, nje ya koti. Filimbi. Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, kifuani, penye joto. Kamba ya mita 15 au zaidi ibebwe na anayetembea nyuma, kwa sababu anayetumbukia ni wa mbele. Njumu za kuvalia juu ya viatu, maana barafu isiyo na theluji ni kioo. Nguo kavu ziwe kwenye gari.

Ukitumbukia, kumbuka namba tatu: 1, 10, 1. Zimetokana na kazi ya Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyechunguza kwa miaka mingi mwili wa binadamu ndani ya maji baridi. Dakika 1 ya kwanza ni ya kutuliza pumzi, kwa sababu mwili utahema wenyewe na ukihema chini ya maji umekwisha. Dakika 10 zinazofuata ndizo unazo mikono na miguu inayokutii. Baada ya hapo unaweza kuwa na takriban saa 1 kabla baridi haijakuzimisha, ilimradi kuna kitu kinachokuweka juu ya maji. Shemeji yangu vidole vilimgoma mapema kuliko alivyotarajia. Geukia ulikotoka, weka mikono juu ya barafu, choma misumari, piga miguu, jivute. Ukishatoka usisimame. Biringika.

Aliyetumbukia mwenzako, usimkimbilie. Piga simu ya dharura, mwongoze kwa sauti, mrushie kamba, ngazi, tawi, chochote kirefu, nawe ukiwa umelala. Akitoka mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpashe joto taratibu kuanzia kiwiliwili, na asipewe pombe hata akiomba. Mpeleke hospitali hata akisema yuko sawa.

Mengine ni ya kawaida. Usiende peke yako. Mwachie mtu nyumbani ujumbe wa uendako na saa ya kurudi. Msijikusanye kwenye tundu moja samaki wakianza kula, tawanyikeni. Mbwa wako akitumbukia usimfuate. Watoto wasubiri wiki kadhaa. Ikinyesha mvua, au joto likipanda juu ya sifuri kwa siku mbili, vipimo vyako vya juzi vifute uanze upya. Jioni toka kabla giza halijaingia, kwa njia ileile uliyopimia. Na ukifika nyumbani itandaze ile kamba ikauke, kwa sababu kamba iliyoganda ndani ya mfuko hairushiki.