Somo: Kukadiria mota yuniti za msuli, kwa akili ya korosho

Wakuu habari. Kuna dogo wa fiziotherapi hapa Mtwara kaniuliza hii kitu wanahesabuje wakati hazionekani. Mota yuniti ni seli moja ya neva ya mwendo pamoja na nyuzi zote za msuli inazoziamrisha. Sasa ghalani nani anahesabu korosho mojamoja? Unapima gunia zima, unapima punje chache upate wastani, unagawanya. McComas na wenzake mwaka 1971 ndo walivyofanya, kwa kamsuli kadogo ka upande wa juu wa unyayo.

Kwanza bandika elektrodi juu ya msuli wa shina la kidole gumba, nyingine kwenye kiungo cha kidole, mkono uwe na joto, kama AC imempiga mgonjwa mpashe kwanza. Pili, shtua kwa umeme neva ya midiani, ile inayoamrisha msuli huo, kwenye kifundo cha mkono, panda umeme mpaka wimbi la msuli kwenye mashine ligome kukua. Hilo ndo gunia, tuseme milivolti 10. Tatu, rudi chini kabisa upande taratiiibu. Wimbi halipandi kama maji kujaa, linaruka ngazi ngazi, kila ngazi yuniti mpya. Ngazi 10 zikifika maikrovolti 500, wastani ni 50. Milivolti 10 ni maikrovolti 10,000, gawa kwa 50, yuniti 200.

Hapo kwenye ngazi ndo wengi tunapigwa. Yuniti mbili zinazoamka kwa umeme unaokaribiana zinapokezana, mara A peke yake, mara B, mara zote, unaona ngazi tatu kumbe yuniti ni mbili, wastani unashuka na jibu linavimba. Doherty na Brown mwaka 1993 wakashtua sehemu nyingi za neva, kila sehemu wanachukua yuniti ya kwanza kuamka tu. Mi naipenda hii.

Swali: si niangalie tu wimbi kubwa mkuu?
Jibu: litakudanganya. Kwenye ALS, ugonjwa wa neva za mwendo, seli hizo za neva zinakufa ila zilizobaki zinachipua matawi na kulea nyuzi yatima. Wimbi milivolti 8 unaona safi, kumbe kila yuniti imenenepa hadi maikrovolti 400, zimebaki 20.

Swali: jana 200 leo 170, nimekosea?
Jibu: si lazima, ni makadirio. Weka alama ya kalamu pa kubandika, mfuatilie mtu yuleyule.

Swali: bibi yangu anaogopa shoti?
Jibu: kuna njia inaitwa MUNIX, shoti chache halafu anakaza msuli kidogo kidogo mpaka kwa nguvu. Ila inakupa kielezo tu, usimwambie bibi ana yuniti 140.