Somo: Umenunua boti ya tanga iliyotumika? Anzia chini

Ndugu zangu wa Bwawa la Mtera, tukipata boti kuukuu ya mbao tunakimbilia rangi na injini. Nami nilifanya hivyo. Safari ya kwanza tulikumba maji kwa ndoo hadi mikono ikafa ganzi. Hela ya kwanza iende chini ya mstari wa maji.

Pandisha chombo nchi kavu, kipindue, kikauke kivulini. Jua letu la Dodoma likikipiga moja kwa moja, mbao zitapasuka. Choma mkuku (mti mkuu wa chini) na miguu ya mataruma (mbavu za boti) kwa ncha ya kisu. Kikizama kama kwenye kiazi kilichochemshwa, badilisha ubao. Weusi kuzunguka msumari maana yake ni kutu: ung'oe, weka uliopakwa zinki, ncha uipinde kwa ndani.

Sasa kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba, na hapa usiwe na haraka. Kwangua pamba yote ya zamani. Sokota pamba mpya unene wa penseli, ichovye mafuta, isukume kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo nyepesi. Pwani wanatumia mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya papa). Huku kwetu alizeti ndiyo iliyo karibu. Sikiliza nyundo: mlio ukibadilika kuwa mkavu, acha. Ukishindilia kupita kiasi, mbao zikinywa maji zitavimba na kung'oa misumari.

Piga bamba la chuma kwenye omo (mbele ya boti) na chini ya mkuku. Bwawa hili lilifunika miti. Likijaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka kuelekea 690, visiki vinakaribia uso wa maji, na kimoja kinatosha kutoboa ubao.

Tanga lishonwe pindo mara mbili, na liwe na kamba fupi za kulikunja nusu upepo wa mchana ukizidi. Henza (kamba ya kupandishia tanga) na demani (kamba ya kuongozea tanga) zikichakaa, weka mpya. Mwisho taa ya sola, na boya la kuvaa kwa kila mtu. Hilo la boya silijadili.

Maswali ya wanachama

*Fundi, nipake faiba juu badala ya kalafati?*
Hapana, ndugu yangu. Mbao kuukuu hutanuka na kusinyaa, faiba inabanduka, maji yanajifungia ndani na ubao unaoza usione.

*Shikamoo mzee. Turubai la kawaida linafaa kwa tanga?*
Marahaba, mwanangu. Linafaa kuanzia, ila jua hulila upesi. Ukipata marekani nene, kile kitambaa cha pamba, shona hiyo.

*Nimeishusha jana asubuhi, bado inavuja kila mahali. Nimekosea wapi?*
Huenda hujakosea. Ifunge kwenye maji ya kina kifupi siku mbili au tatu, mbao zivimbe, huku ukikumba maji. Pakibaki mahali pamoja panapotiririka, pakwaruze alama kwa msumari upande wa ndani, uipandishe tena, utoe pamba ya hapo tu.