Kutafuta kumbukumbu za ukoo Uganda: anza na dini na kijiji

Wengi wanaoniomba niwatafutie asili ya familia zao huja na jina moja la babu, wakidhani litawavusha vizazi vitatu. Kwa Waganda, yaani watu wa Buganda, jina halifanyi kazi hiyo. Kila mtoto hupewa lake kutoka majina ya ukoo, hivyo baba, mwana na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuitwa majina matatu yasiyofanana. Kinachorithiwa ni ukoo wenyewe na mwiko wake, yaani kiumbe ambacho ukoo huo haukili: Nkima (tumbili), Mamba (samaki kamongo), Ffumbe (fungo), Nsenene (senene). Kwa hiyo kabla ya kufika ofisi yoyote, kusanya mambo manne: ukoo, dini, kijiji, na jina la baba wa huyo unayemtafuta.

Hatua ya 1: Wazee na sanduku la nyumbani

Anza na shangazi mkubwa. Muulize marehemu alizikwa wapi na nani aliwekwa kuwa mrithi siku ya kumaliza matanga. Hapa sikiliza kwa makini: Buganda, baba mdogo huitwa baba, na mrithi hushika nafasi ya marehemu hadi watoto wamwite baba pia. Ukiambiwa "huyu ni baba yangu", uliza kwa adabu nani hasa aliyemzaa. Swali hilo moja linaweza kukuondolea kizazi kizima cha uongo kwenye mti wako.

Kisha omba sanduku lifunguliwe. Kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa, hata tiketi kuukuu ya kodi ya kichwa ni mali, kwa sababu karatasi kama hizo hukuelekeza kwenye gombolola (kitengo cha utawala chini ya wilaya) au parokia ya kuanzia. Piga picha papo hapo. Mchwa hawangoji, na wazee wetu pia wanatutoka.

Hatua ya 2: Nyumba ya ibada

Hapa ndipo utakapopata mengi. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, wale wa Kikatoliki 1879, na tangu zamani wamekuwa wakiandika.

Kwa Wakatoliki, nenda parokiani na mwaka wa kukisia. Daftari za zamani zimeandikwa Kilatini, basi Yohana mtafute kama Joannes na Yosefu kama Josephus. Usiridhike na mstari wa ubatizo tu: mwombe karani akusomee pembeni mwa ukurasa, ambako padri aliongeza kipaimara na ndoa, hata ndoa iliyofungwa parokia nyingine. Wasimamizi wa ubatizo nao wanukuu, maana mara nyingi ni jamaa. Kama parokia ni changa, uliza ilizaliwa na parokia gani. Daftari kongwe zitakuwa huko.

Kwa Waanglikana, shika daftari la ndoa. Fomu yake huandika jina la baba wa bwana harusi na la baba wa bibi harusi, pamoja na kazi zao, kwa hiyo ukurasa mmoja unakupa vizazi viwili. Nyaraka za Kanisa la Uganda zinahifadhiwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono.

Familia za Kiislamu zina hazina ya mdomo: mlolongo wa "bin". Uandike wote, kisha uulinganishe na vyeti vya nikaha na masheikh wa msikiti wa mtaa.

Hatua ya 3: Viongozi wa ukoo

Ukoo wa Kiganda una ngazi, kutoka ukoo mzima hadi familia moja: kasolya juu, kisha ssiga, mutuba, lunyiriri na luggya. Usikimbilie juu. Anayejua watu wako kwa majina yuko chini, kwenye lunyiriri au mutuba. Kumbuka pia kwamba wafanyakazi wengi kutoka Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) walijiunga na koo za Kiganda na kuchukua majina yake. Njia ikikatika ghafla, uliza babu alitoka upande gani.

Hatua ya 4: Ardhi na serikali

Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda ulizaa ardhi ya mailo, inayomilikiwa na mtu na kurithiwa. Ukiwa na namba za bloku na ploti, ofisi ya ardhi ya kanda inaweza kukuonyesha hati ilivyohama kutoka mwenye ardhi hadi warithi. Aliyekuwa na kibanja tu, yaani shamba kwenye ardhi ya mwingine, hatakuwemo.

Kwa vyeti vya kuzaliwa na vifo nenda NIRA, mamlaka ya taifa ya vitambulisho na usajili. Kwa mirathi, ofisi ya Administrator General. Hifadhi ya taifa iko Wandegeya, Kampala. Mafaili yake hufuata mambo ya utawala, hivyo yanamfaa anayetafuta chifu, karani au mtu aliyeandika malalamiko. Jinja ina nyaraka zake za wilaya, na Fort Portal ziko zilizoshughulikiwa na Mountains of the Moon University.

Hatua ya 5: Askari na watu wa reli

Hii ni kwa familia zetu nyingi za Kiswahili. Wanubi wa Bombo wafuate nyayo za askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri huko Equatoria (kusini mwa Sudan), ambao Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwaleta kutoka upande wa Ziwa Albert mwaka 1891. Aliyefia KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), mtafute bure kwenye tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, tume ya makaburi ya vita, ukijaribu Juma, Jumah na Djuma. Waafrika wengi waliokufa katika vita ya kwanza hawakuandikwa majina, kwa hiyo kumkosa si ushahidi kwamba hakupigana. Kwa mtumishi wa reli, vuka mpaka: makao makuu ya shirika la reli la Afrika Mashariki yalikuwa Nairobi hadi lilipovunjika 1977, basi anzia Hifadhi ya Taifa ya Kenya.